Siku Tuliyokwenda Kumtazama Dada

Kipeperushi kilitoka mfukoni mwa suruali ya mteja. Binti mmoja anayeongoza watalii mlimani alikuwa ameniletea suruali zake mbili za kazi nizibadilishie zipu, na mimi sianzi kushona kabla ya kupekua mifuko, maana nimeshakuta humo mpaka meno ya bandia. Pale Majengo, kwenye kibaraza ninapoweka cherehani yangu, nilikikunjua kile kikaratasi nikaona kimechapwa picha ya kuchora: uso wa mwanamke kijana, shavu moja la kijani, jingine la rangi ya udongo, macho makubwa yaliyotulia kama ya mtu anayesikiliza. Chini yake yaliandikwa maelezo ya nyumba ya makumbusho ya mchoraji mmoja, huko Machame, nyumbani kwake mwenyewe.

Mchoraji huyo sikuwahi kumwona, lakini jina lake lilikuwa likitajwa kwetu nikiwa mdogo, kisha likaacha kutajwa. Dada yangu mkubwa alifanya kazi za ndani kwake. Alikwenda huko alipomaliza darasa la saba. Alikata majani ya ng'ombe, alifua, alibeba mtoto wao mgongoni, na kila Jumapili baada ya ibada alikuja nyumbani kutuona. Alikufa akiwa na miaka kumi na saba. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku tatu. Mimi nilikuwa na miaka sita.

Nyumbani palikuwa na picha yake moja tu, ya kipaimara, kundi zima na mchungaji katikati. Baba aliitia kwenye fremu. Unyevu wa mlimani na moshi wa jikoni vikaigandisha kwenye kioo, na siku baba alipojaribu kuibandua, upande wa kushoto ulibaki kwenye kioo kama utando wa maziwa. Dada alikuwa amesimama kushoto. Baba alikaa na kile kioo mapajani, akakataa hata chakula. Tangu hapo hatukuwa na kitu cha kumwonyesha mtu tukasema, huyu ndiye.

Kwa hiyo nilipoona ule uso, nililia palepale juu ya zipu za watu. Yule binti alikuja kuchukua suruali zake akanikuta hivyo.

"Shikamoo mama. Kuna nini tena?"

"Huyu ni dada yangu," nilimwambia.

Akakitazama kipeperushi, akanitazama mimi. "Mnafanana kidogo hapa kwenye macho," alisema. Akaniachia.

Nilikibandika ukutani karibu na cherehani. Asubuhi nikifika nilikuwa namwamkia, kimoyomoyo, na watu wakipita nadhani waliona midomo yangu ikicheza. Miaka yote nilikuwa nimeishi na dada ambaye sikuweza kumwona hata nikifumba macho. Nilikumbuka mkono wake ukinivuta kuvuka mfereji. Nilikumbuka harufu ya majani mabichi kwenye nguo zake. Uso haukuwepo. Sasa ulikuwepo, na ulikuwa mzuri.

Mama anaishi bado Machame, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, na ng'ombe mmoja na migomba na kahawa iliyozeeka ambayo hataki ing'olewe. Amepita miaka themanini. Mimi nakaa Rau, chini mjini, na Jumamosi huwa napanda kwenda kumfulia na kumpikia. Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi moja, nilimpelekea kipeperushi. Alikishika mbali, akakisogeza karibu na macho, akanirudishia.

"Kitu kidogo kama hiki sikioni," alisema. Kisha aliuliza, "Huko wametundika picha zake zote?"

"Nasikia ni zote alizobakiwa nazo."

"Zote kabisa? Hata zile alizoficha?"

"Mama, mimi nitajuaje alizoficha?"

Akaangalia chini. "Basi nipeleke."

Nilishangaa. Kwa miaka yangu yote mama hakuwahi kutaka kusikia habari za nyumba ile. Tukipita njia ya upande huo alikuwa anageuza uso. Lakini nilifikiri ni uzee, nikafikiri moyo wake umelegea, nikafurahi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta ameshavaa. Alivaa gauni lake la sikukuu, lile la bluu nililomshonea, na kitambaa cheupe kichwani, na mkoba begani kama mtu anayekwenda kushiriki meza ya Bwana. Nilikodi bajaji ikatufikisha mwisho wa lami. Kutoka hapo tulitembea, mimi nimemshika kiwiko, yeye na fimbo yake, tukipumzika kila penye jiwe la kukalia.

Nyumba ilikuwa ya kawaida kwa nje, ya matofali, na bati jekundu lililofifia. Kilichokuwa si cha kawaida ni dirisha moja kubwa upande wa kaskazini, refu karibu kufika sakafuni, linalotazama mlima. Zamani watu walilisema sana dirisha hilo. Walisema baridi yote ya Kilimanjaro imekaribishwa ndani. Nyuma kulikuwa na banda la ng'ombe, bado lina ng'ombe, na harufu yake iliingia mpaka mlangoni.

Mwenyeji wetu alikuwa binti wa mchoraji, mwanamke wa rika langu, aliyeacha kazi yake Dodoma akarudi kuitunza nyumba ya baba yake baada ya mzee kufariki. Alimwamkia mama kwa Kichagga, akamshika mikono yote miwili.

"Dada yangu alifanya kazi hapa," nilimwambia. "Zamani sana. Tumekuja kumwona."

Aliuliza ni nani. Nikamtajia jina la dada. Akaweka mkono kifuani.

"Karibuni ndani," alisema, kwa sauti ndogo.

Vilikuwa vyumba vitatu. Sakafu ya saruji ilikuwa imesuguliwa kwa dawa nyekundu mpaka inang'aa. Sikuwahi kuingia mahali penye picha nyingi namna ile, wala sikujua kwamba rangi inaweza kukusimamisha kama mtu aliyenyoosha mkono. Wanaume wakipogoa mibuni, vichwa vyao vyenye kona kama mbao zilizochongwa. Mwanamke amebeba mkungu wa ndizi, na mkungu una uhai kuliko yeye. Ng'ombe wa zambarau. Mazishi, watu wote weupe, ardhi nyeusi. Alikuwa amechora watu ninaowajua mimi, watu wa huku, lakini kama ungewaona kwenye maji yanayotikisika.

Mama alizipita bila kusimama. Aliangalia kila sura, akasogea, akaangalia nyingine.

Kwenye chumba cha pili nilimkuta. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, karibu urefu wa mlango, shavu la kijani, shavu la udongo. Nilimvuta mama kwa mkono.

"Mama. Huyu hapa."

Mama alisimama mbele yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia. Nilisema kitu, sikumbuki nini, nadhani nilisema, dada, tumekuja.

"Siye," alisema mama.

"Mama, tazama vizuri."

"Nimetazama. Huyu siye mwanangu."

Niligeuka kwa yule binti wa mchoraji. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyetaka kusema mapema akakosa nafasi.

"Pole, mwenzangu," aliniambia. "Huyo ni mama yangu mzazi. Baba alimchora mwaka walipooana."

Sijui niseme nini kuhusu aibu ile. Nilikuwa nimemwamkia mama wa mtu mwingine kila asubuhi kwa wiki nyingi. Nilikuwa nimempa dada macho yake, nimempa sauti, nilishaanza hata kukumbuka mambo tuliyofanya naye, yeye akiwa na uso ule. Yote yalikatika mara moja, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Nilimpoteza dada kwa mara ya pili, na safari hii nilikuwa mtu mzima na niliyaona yote.

Mama alikuwa ameshaondoka. Tulimfuata chumba cha tatu, chenye lile dirisha kubwa.

Alikuwa amesimama mbele ya picha ndogo iliyotundikwa peke yake. Msichana amekaa kwenye kigoda, ametugeuzia mgongo, anatazama dirishani. Gauni la kijivu. Mabega ya bluu, ya bluu kabisa, na pembeni mistari ya kijani ya fungu la majani yaliyokatwa. Dirisha lote mbele yake ni jeupe, mlima umefunikwa na wingu. Nywele zimesukwa mistari mitatu na shingo iko wazi. Nyuma ya sikio la kushoto kuna alama ndogo ya waridi, mguso mmoja tu wa brashi.

"Maziwa ya moto," alisema mama. "Alikuwa na miaka minne. Aliinuka ghafla nikiwa nayapitisha." Akanyoosha kidole bila kugusa. "Na hiyo misuko ni yangu. Nilimsuka Jumapili moja alipokuja kutuona."

Nilisogea. Nilitazama kwa muda mrefu, nikasubiri moyo uniambie kitu. Ulikuwa mgongo. Ungeweza kuwa mgongo wa msichana yeyote wa mlimani.

"Uko wapi mchoro mwingine?" mama alimuuliza mwenyeji wetu. "Ule wenye uso."

"Hakuna mwingine, bibi."

"Upo. Aliuchora akauficha."

"Bibi, nimefungua kila sanduku la humu ndani. Hakuna."

Hapo mama alifungua mkoba wake. Akatoa jani la isale, bichi, amelikunja na kulifunga fundo. Kwetu Uchaggani, mtu aliyemkosea mwenzake akitaka kusamehewa hupeleka isale, na anayepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Alijaribu kuinama mwenyewe, magoti yakamkatalia. Nikamshika mkono mmoja, binti wa mchoraji akamshika mwingine, tukamshusha taratibu mpaka akaliweka lile jani sakafuni, chini ya picha. Nilikuwa sielewi ninalomsaidia kufanya.

Tulimkalisha kwenye benchi. Akaongea akiitazama picha, hakututazama sisi.

"Nilikuja humu ndani," alisema. "Watu waliniambia binti yako hafanyi kazi kule, anakaa kwenye kiti anatazamwa na mume wa mtu. Nikapanda bila hata kubadili nguo za shamba. Nikamkuta amekaa kweli, pale, na yule mzee na brashi yake. Nikamvuta. Nikamwambia mzee, uso wa mtoto wangu hautatundikwa ukutani kwa watu. Nikamwambia, ukiuchora nitakulaani. Mbele ya mke wake, mbele ya vibarua. Kazi sikumwachisha."

"Yeye alisemaje?" niliuliza.

"Mzee alisema, nimesikia, mama. Basi." Alivuta pumzi. "Na mwanangu alisema, mama, nilikuwa nimekaa tu. Alisema hivyo tu. Nilikuwa nimekaa tu. Na wiki ya tatu akafa."

Nje ng'ombe alipiga mlio. Binti wa mchoraji alikaa upande wa pili wa mama.

"Hii picha ndiyo baba alikuwa anaitazama siku zake za mwisho," alisema. "Nilikuwa namuuliza, kwa nini huyu hana uso? Akaniambia alimwomba ageuke kidogo, kidogo tu, siku moja mama yangu hayupo, vibarua hawapo. Hakuna ambaye angejua. Dada akamwambia, mama amekataza."

Mama aligeuka akamtazama.

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo baba alivyoniambia. Mama amekataza. Akakaa na mgongo wake mpaka picha ikaisha."

Sijawahi kumsikia mama akilia vile, hata kwenye msiba wa baba. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu anayepandisha kitu kizito, anafika katikati, kinamrudia, anaanza tena. Alikuwa akisema neno moja, kwa Kichagga, ambalo maana yake ni "laiti angenikaidi." Laiti angenikaidi. Laiti angenikaidi. Nikaelewa kwa nini alitaka kuja. Miaka yote ile alikuwa akitumaini kwamba hawakumtii. Alikuwa anaomba Mungu kwamba yule mzee aliidharau laana yake, kwamba binti yake alikuwa mkaidi, kwamba mahali fulani umefichwa uso.

Tulitafuta hata hivyo. Binti wa mchoraji alitoa masanduku yote kutoka chini ya vitanda, na tulikaa sakafuni mimi na yeye, tukifungua karatasi moja moja, mama akitazama kutoka kwenye benchi. Tulikuta mikono ya dada imeshika mundu. Tulikuta nyayo zake. Tulikuta shingo, tena na tena, kwa penseli, kwa mkaa, mzee akijitahidi kuipata sawasawa. Mara moja nilishika karatasi yenye mstari wa shavu, nikaacha kupumua, lakini mstari uliishia hapo, kama mtu aliyekumbuka akaondoa mkono.

"Mimi nami ndivyo ninavyomkumbuka," aliniambia yule mwanamke, tukiwa tunarudisha karatasi. "Alinibeba. Kila nikimtafuta akilini napata mgongo wake, joto lake. Nilitaka nikuambie uso wake ulivyokuwa. Sijui, mwenzangu. Nisamehe."

Alitupikia chai ya maziwa. Alitaka kutupatia mchoro wa mikono. Mama alikataa, akasema ubaki na mingine. Lile jani la isale tuliliacha pale lilipokuwa, na mwenyeji wetu akaahidi hatalifagia.

Njiani, tulipokaa kwenye jiwe kupumzika, nilimwambia, "Mama, basi niambie wewe. Alikuwaje usoni?"

"Alikuwa mzuri."

"Mzuri vipi? Macho yake?"

"Macho yake yalikuwa..." Alinyanyua mkono, akauzungusha hewani mbele yake kama mtu anayepapasa kioo. "Alikuwa na pua ya baba yako. Hapana. Hiyo ni ya kaka yako." Mkono ukashuka. "Uso umeondoka," alisema. "Sijui umeondoka lini. Mimi ndiye niliyekuwa nao peke yangu, na sikuutunza."

Nilipaswa kumkumbatia. Mtu yeyote mwenye moyo angemkumbatia. Mimi niliinuka, nikamwambia bajaji inasubiri.

Nilimfikisha nyumbani, nikamvua viatu, nikampikia mtori, nikateremka Rau. Wiki iliyofuata sikupanda. Nilimpigia jirani yake simu nikasema nina kazi nyingi za sare za shule. Wiki ya pili pia sikupanda. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Ningemkasirikia nani? Mwanamke aliyepanda mlima na tope la shamba miguuni kwa sababu alidhani mtoto wake anaharibiwa? Ningekuwa mimi, kwa maneno yale ya watu, ningekwenda pia. Lakini nilikuwa nikikaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga, na kichwani nasikia, nilikuwa nimekaa tu, na hasira inapanda upya kama maziwa.

Jumamosi ya tatu nilikwenda. Mama alikuwa uani, anamenya ndizi, vidole vyake vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Ulikuwa umekasirika."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nimekasirika."

"Bado?"

"Bado kidogo."

Alisogea kwenye mkeka, akanipa kisu kingine. Tukamenya. Baada ya muda alisema, bila kuulizwa, kwamba dada alipenda ukoko wa kiburu cha ndizi na maharage, ule unaoshika chini ya sufuria, na kwamba aligombana na kaka zangu kwa ajili ya huo. Sikuwahi kusikia jambo hilo. Nilimwambia aseme tena, akasema tena.

Tangu siku hiyo hunipa jambo moja kila nikienda. Kwamba dada alikuwa anaimba kwaya na maneno yake mwenyewe akisahau ya kitabuni. Kwamba aliogopa bata. Kwamba nilipozaliwa alikataa kunishika siku nzima, halafu usiku alikataa kuniachia. Mengine nadhani anayabuni. Wiki moja dada alikuwa anapenda mvua, wiki nyingine aliichukia. Sibishani naye. Nayapokea yote.

Jumamosi iliyopita hakuwa na lolote. Alifikiri sana, midomo ikicheza, akatikisa kichwa. Nikamwambia si kitu, mama, tutaangalia wiki ijayo. Ndizi zilikuwa nyingi siku hiyo. Tulimenya mpaka zikaisha.